Mkono wa Kuozesha

Harufu ndiyo iliyonitia hofu, si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa tulikwisha kuuzoea. Kiharusi kilimpata baba mwezi wa Maulidi, akiwa amekaa kwenye cherehani yake barazani, na wiki za mwanzo mkono wake wa kulia ulining'inia tu, mlegevu, tukawa tunauinua na kuulaza kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Kisha ukaanza kujikunja. Kiwiko kilipanda, kifundo kikainama, vidole vikaingia ndani kimoja baada ya kingine juu ya kidole gumba, na ilipofika Rajabu ilikuwa imebaki ngumi tu, imebanwa kifuani. Siku moja nilikuwa namtawadhisha. Nilipomimina maji juu ya ile ngumi nikasikia harufu ya kitu kinachooza.

Nilichungulia katikati ya vidole nikaona kucha zimezama kwenye nyama ya kiganja. Tulishindwa kuzikata kwa sababu tulishindwa kuzifikia. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutulea mama alipofariki na hakuondoka tena, alikuwa akipenyeza mafuta ya nyonyo mle ndani kwa unyoya wa kuku. Nilimwambia mkono huu unaoza. Akaniambia nisimchurie ndugu yake.

Sisi ni watu wa sindano. Babu wa babu yangu aliingia Tabora na misafara, naye hakubeba pembe wala bunduki. Alibeba nyuzi. Alishona mahema na magunia njia nzima kutoka pwani, na walipofika hapa akakataa kuendelea mbele kwa sababu, alisema, huu ni mji wa watu wanaovaa. Kazi ikashuka mpaka kwa baba. Uhuru ulipokuja alishona bendera na sare za shule. Lilipokuja Azimio akashona mashati ya viongozi, huku akilalamika kwamba hayana shingo ya maana. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kanzu. Watu walitoka Ujiji kwa treni kuja kupimwa kanzu na baba yangu, na sasa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka.

Mimi nilikuwa nimeposwa tangu kabla ya Maulidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, umri ambao wenzangu walishaanza kupeleka watoto chuoni, na nilikuwa na ulimi ulioshafukuza wachumba wawili. Huyu wa tatu alikuwa bwana shamba, mtu mpole wa upande wa Nzega, aliyeuchukulia ulimi wangu kama mvua: anajibanza mahali mpaka ipite. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Kwetu ndoa hufungwa kwa mkono. Baba wa binti hukaa mbele ya bwana harusi, magoti kwa magoti, wakashikana mikono ya kulia, na baba hutamka maneno ya kuozesha mikono ikiwa imeshikana hivyo hivyo. Baba asipoweza, humwakilisha mtu mwingine. Shekhe wetu alimweleza hayo siku aliyokuja kumjulia hali. Akamwambia pia kwamba hata huko kushikana mikono ni desturi tu, ndoa ni maneno na mashahidi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Tangu augue, ulimi wake ulikuwa mzito upande mmoja, na kila sentensi aliitoa kwa jasho.

"Najua, shekhe," alisema. "Dada yake huyu nilimwozesha kwa mkono wa kuazima. Nilikuwa Usoke nashona magunia ya tumbaku, nikamwachia mdogo wangu. Mwaka haukuisha, binti akarudi na sanduku lake. Huyu nitamwozesha kwa mkono wangu mwenyewe. Kama mkono haujawa tayari, angoje."

Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kungoja.

Wala sikuweza, kwa sababu mchumba wangu alikuwa ameletewa barua ya uhamisho. Siku chache baada ya Idi alitakiwa kuripoti kwenye kijiji kipya cha Ujamaa ng'ambo ya Usoke, ambako familia zilikuwa zimekusanywa kutoka mashamba ya mbali na palihitajika mtu wa kuwaonyesha namna ya kupanda kwa mistari. Nyumba ya serikali ilitolewa kwa mwenye mke. Asiye na mke angelala kwenye bohari la mbolea na vijana wengine, na ruhusa ya kurudi mjini hakuna aliyejua ingetoka lini. Aliniambia hayo uani, shangazi akiwa ameketi katikati yetu akichagua mchele, kama ilivyostahili. "Sitaki kukuharakisha," alisema. Nami nikajua kwamba mkono wa baba usipofunguka kabla ya Idi, mimi nitabaki pale uani.

Aliyenitajia daktari wa Kichina alikuwa mhudumu wa hospitali, mtu wa Ntalikwa aliyekuja kuchukua suruali yake iliyokwama kwetu tangu baba augue. Alisema yupo Mchina anayechoma sindano mikono iliyokaza, na wengine inalegea.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wa leo watalicheka. Siku zile wote tuliamini kwamba mtu aliyepooza hapigwi sindano. Kwa malaria, watu walizitaka wenyewe. Aliyepewa vidonge vitupu alirudi nyumbani akinung'unika. Lakini aliyeanguka akapooza, kama mtoto mwenye degedege, ukimchoma unamuua. Shangazi alikuwa na ushahidi wake: jirani yetu mmoja alichomwa asubuhi, alasiri tukamzika. Kwamba jirani yule alikuwa anakata roho tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, hakuna aliyelitia maanani, hata mimi.

"Mpeleke," shangazi aliniambia, bila kupandisha sauti. "Lakini akifa, ujue umemuua baba yako kwa haraka ya kuolewa."

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Harufu ya kiganja ilinitisha, ndiyo. Lakini tarehe iliyokuwa kwenye barua ya mchumba wangu ilinitisha zaidi, na hilo nilikuwa nalijua peke yangu.

Nilimpandisha baba kwenye baiskeli yake, juu ya kiti cha mizigo, nikamfunga kwa khanga asianguke, nikaikokota mpaka hospitali. Watu walitusalimia njia nzima. Yeye aliitika, na ile ngumi akaificha ndani ya koti.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, Kiswahili chake kidogo lakini hakikumtia aibu. Alimwamkia baba shikamoo kabla ya kitu kingine, na hapo hapo nikamwona baba amelainika. Alipotoa sindano zake baba aliomba aone moja. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaielekeza dirishani, akaitazama mwanzo hadi mwisho kama alivyokuwa akitazama sindano zote maishani mwake.

"Haina tundu," alisema. "Sindano isiyo na tundu inashona nini?"

"Haishoni, baba," daktari alijibu. "Na dawa ndani hakuna. Kavu."

Nilishtuka kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimemleta baba achomwe sindano ambayo ingeweza kumuua, na kumbe haikuwa hata na dawa. Nilitaka kusema turudi. Lakini daktari alikwisha kuanza kuupapasa mkono kwa kidole gumba, chini ya kiwiko, akisogea polepole, mpaka akafika mahali baba alipokunja uso. Pale msuli ulikuwa mgumu kama kamba ya kitanda. Akapachika sindano.

Sikuitazama sindano. Nilitazama kifua cha baba. Kilipanda, kikashuka, kikapanda. Daktari aliisukuma sindano chini na juu, chini na juu, na mara msuli ukaruka wenyewe chini ya ngozi, kama panya anayepita chini ya mkeka. Baba akatoa shahada kwa sauti. Mtu akitoa shahada namna ile kwetu tunajua anaaga, nami nikaudaka mkono wa daktari nikaukamata.

Hakunigombeza. Alingoja nimwachie, kisha akaninyooshea kidole kwenye ngumi. Kidole cha shahada kilikuwa kimelegea. Hakikufunguka, kililegea tu, na kati yake na kiganja pakaingia mwanga kidogo. Baba alikuwa mzima, anahema, ananitazama kwa kushangaa kwa nini nimemvamia daktari.

Sindano ya mwisho iliingia kwenye mnofu ulio chini ya kidole gumba, na hapo mkono mzima ukaachia. Tuliona kiganja. Kilikuwa cheupe, kimevimba kwa jasho, kina vidonda vinne vilivyopangana kama matundu ya vifungo. Daktari alikiosha, akazikata kucha, akapaka dawa. Baba alikuwa hajakiona kiganja chake tangu miezi miwili nyuma. Alikitazama, akalia mbele ya mtu asiyemjua. Nikalia na mimi, na sikujali nani ananiona.

Lakini kabla hatujafurahi sana daktari alitueleza mambo mawili. Kwanza, mkono utajifunga tena baada ya siku chache, kwa hiyo twende kwake mara tatu kwa wiki, na nyumbani mkono ufungwe juu ya kibao chenye pamba. Pili, baba asitegemee kushona tena. "Kushika, atashika," alisema. "Kuachia, kazi kubwa." Baba aliitikia kwa kichwa. Aliniambia njiani kwamba kushika ndiko alikokuwa anakutaka.

Daktari alinifundisha namna ya kuufungua. Kwanza nikiinamishe kifundo kwa ndani. Halafu nishike kidole gumba kwenye shina lake, chini kabisa, nikitoe nje. Halafu ningoje. "Vidole, usivute," alisema, akarudia mara tatu, kana kwamba alishaniona nilivyo. "Wewe ngoja. Vidole vinakuja."

Mwezi wa Shaabani ulikwenda hivyo. Seremala alituchongea kibao, nikakivika mabaki ya vitambaa vya kanzu. Majirani walikuja kuuliza habari ya sindano kavu, wakaondoka wakitikisa vichwa. Sindano isiyo na dawa waliiona sawa na chai isiyo na majani. Shangazi hakuuliza kitu. Kila tuliporudi alikuwa mlangoni, anamtazama ndugu yake juu mpaka chini, akishamwona mzima anarudi jikoni. Na kila jioni baba alinikalisha mbele yake, magoti kwa magoti, akauleta mkono wake polepole mpaka kwenye wangu. Kushika akakuweza. Kuachia kukamshinda. Kila siku ilinibidi niutoe mkono wangu kwa hatua zile zile: kifundo, gumba, kungoja. Wakati mwingine nilingoja mpaka chungu kikaungua jikoni.

Ramadhani ikaingia, na baba akagoma.

Alikuwa mgonjwa, dini imempa ruhusa ya kula, lakini alifunga. Hilo sikumbishia, nisingeweza. Nilichombishia ni kwamba alikataa sindano. "Siwezi kuingiziwa kitu mwilini nikiwa nimefunga," alisema. Nikamwambia twende usiku. Hospitali ikasema daktari usiku hayupo. Tena siku hiyo hiyo yule mhudumu wa Ntalikwa alinidokeza kwamba muda wa daktari nchini umekwisha, Idi isingemkuta Tabora. Nilimwambia baba hayo yote. Akasema Mungu ni mkubwa. Nikamjibu kwamba najua, lakini treni ya Usoke haimngoji mtu. Shangazi alinitupia jicho, nikatoka.

Siku ya nne mkono ulikuwa umerudi kifuani. Siku ya sita ile harufu ikarudi. Kibao hakikuingia tena, na siku ya saba, baada ya adhuhuri, nilikaa mbele ya baba nikiwa na njaa, kiu na hasira, nikakiinamisha kifundo, nikashika gumba, nikangoja. Hapakutokea kitu. Nikangoja tena. Nje palikuwa kimya, mji wote umelala swaumu, na mimi nilikuwa nahesabu siku kichwani. Nikakishika kidole chake cha pete kwenye ncha, nikakivuta.

Kililia. Sauti ndogo, kavu, ya ukuni mwembamba. Baba hakupiga kelele. Alifumba macho, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu, na alipoyafumbua hakunitazama mimi, alitazama shuka iliyofunika cherehani.

"Hata kitambaa hakivutwi hivyo," alisema.

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi hapo hapo. Sikumwomba. Nilikimbia uani nikajifungia chooni. Nilipotoka, kidole kilikuwa kimevimba mara mbili ya vingine na shangazi alikuwa anakifunga kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Niliyangoja maneno yake. Alikuwa na haki nayo yote, alikwisha kuyasema kabla. Alimaliza kufunga, akajitanda khanga, akatoka nyumbani katika jua lile, mwanamke aliyefunga na mwenye magoti mabovu, nami nikadhani anakwenda kunisema kwa majirani.

Alikwenda kwa shekhe. Alirudi naye baada ya alasiri. Shekhe akaketi mkekani karibu na baba, akautazama ule mkono kwa muda, akauliza, "Hiyo sindano inapitisha nini mwilini?"

Baba ndiye aliyejibu. "Haipitishi kitu, shekhe. Haina tundu. Niliishika mwenyewe."

"Dawa?"

"Hamna."

"Imeingia ikatoka, nawe hukuongezwa kitu. Ukichomwa na mwiba shambani mchana wa Ramadhani, swaumu yako inaharibika?"

"Haiharibiki."

"Basi kesho nenda ukachomwe."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Mwezi mzima majirani walikuwa wameicheka sindano ile kwa kukosa dawa, na sasa huo ukosefu wa dawa ndio uliotufungulia njia. Nilimtazama. "Nenda kaangalie futari," aliniambia.

Daktari alikiona kidole kabla hata hajatoa sindano. Akauliza nani. Nikasema mimi. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwezi mmoja tumerudi nyuma," alisema, na mwezi mmoja ndio hatukuwa nao. Baba akamwambia, "Binti yangu ana haraka, daktari, ndivyo alivyozaliwa, lakini mkono ni wangu na mimi sina ugomvi naye." Nilikuwa nimeinama. Radhi nilimwomba baba siku hiyo, njiani, nikiikokota baiskeli na kutazama mbele asiweze kuniona uso. Alisema alikwisha kunisamehe kabla uvimbe haujapanda.

Tulikwenda kila walipotuita. Ile siku ya kwanza nilikuwa nimeogopa baba atakufa. Sasa niliogopa kitu kidogo zaidi na kilichoniumiza zaidi, kwamba mkono ungefunguka wiki moja baada ya mimi kuachwa, na kosa lingekuwa langu. Nyumbani niliufungua mkono ule mara tano kwa siku. Nilijifunza kungoja kwa nguvu, kama mtu anayejifunza kubeba ndoo kichwani. Nilisoma Yasini nzima nikiwa nimeshika shina la kidole gumba cha baba, na baadhi ya siku Yasini ikaisha vidole havijaja, nikaanza upya.

Mara ya mwisho ilikuwa Ramadhani ishirini na nane. Vitu vya daktari vilikuwa kwenye masanduku. Baba alimpelekea kofia aliyoishona kwa mkono miaka ya nyuma, daktari akaivaa pale pale, na koti lake jeupe mwilini. Nilimuuliza mkono utakaa hivyo siku ngapi. "Tatu," alisema. "Labda nne."

Ndoa tulikuwa tumeipanga alasiri ya Idi mosi. Jioni ya ishirini na tisa wote tulikuwa nje tunautafuta mwezi, na mawingu yakaufunika. Mji ukafunga thelathini. Watoto walinuna kwa ajili ya nguo zao mpya. Mimi niliingia ndani nikaketi kitandani kwa baba, nikaushika mkono wake gizani, na kuusikia unavyoanza kukaza.

Asubuhi ya Idi shangazi alinikuta sebuleni, hina imeshakauka mikononi, nimepiga magoti mbele ya beseni la maji ya uvuguvugu na mkono wa baba ndani yake. Bibi harusi hafanyi kazi siku ya ndoa yake. Shangazi hakunikataza. Alikuwa ananiongezea maji. Kibao nilikitoa wageni walipoanza kuvua viatu barazani, nikarudishwa chumbani nyuma ya pazia na wanawake wengine.

Shekhe alikuja mlangoni na mashahidi wawili kuniuliza kama nimeridhia. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza, wanawake wakanifinya. Kisha nikasikia mkeka unasogezwa. Nilijua wamekaa magoti kwa magoti. Nilijua pia, bila kuona, kwamba baba anauleta mkono wake, kwa sababu baraza lote lilinyamaza. Nilijikuta nimekiinamisha kifundo changu mwenyewe.

"Nimekuozesha," sauti ya baba ikasema, nzito, ya kuburuza, na akalitaja jina langu lote, mpaka la babu wa babu yake. Mchumba wangu akajibu kwamba amekubali. Dua ikasomwa, watu wakaitikia amina, wanawake wakapiga vigelegele masikioni mwangu. Imekuwa. Kwa mkono wake.

Vigelegele vikaisha. Huko barazani hapakuwa na vicheko wala mtu aliyeinuka. Nikasikia shekhe anasema, taratibu, "Mzee, mwachie sasa."

"Siwezi," baba alisema.

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Mkeka ukakwaruza. Sauti ya baba mdogo, yule aliyeozesha dada yangu, ikasema, "Hebu nisaidieni, mmoja ashike huku," na nikajua anataka kuvuta.

"Msivute," nilisema, na haikuwa kwa sauti ya bibi harusi. Ilifika mpaka barabarani.

Mwanamke mwali hatoki mbele ya wanaume wakati wa ndoa yake. Nilimtazama shangazi. Alikuwa amekaa penye pazia, na kwa magoti yake mabovu akainuka, akalisogeza pazia pembeni, akalishikilia. "Nenda," alisema. "Wao hawajui."

Nikatoka. Wazee waliinamisha nyuso. Mume wangu alikuwa ametulia palepale, hakujaribu kujitoa hata kidogo, mkono wake umeanza kubadilika rangi ndani ya ngumi ya baba. Hakuniangalia. Nilipiga magoti kati yao na mikono yangu yenye hina. Baba alinisogelea sikioni.

"Sikukusudia," alisema.

"Najua, baba."

"Usiharakishe."

Nikakiinamisha kifundo. Nikashika shina la gumba, nikalitoa nje, nikangoja. Kwenye reli, mbali, kichwa cha treni kilikuwa kinapanga mabehewa. Shekhe aliketi na tasbihi yake, baba mdogo akafuta jasho. Kidole cha shahada kikaja. Cha kati kikakifuata, kisha kile kidogo. Kidole cha pete, kile nilichokitegua, ndicho pekee kilichobaki kimemshika mume wangu, nacho sikukigusa. Niliketi pale mbele ya wanaume wote mpaka kilipomwachia chenyewe.